Faili Limefika, Nani Alisome?

Muhula uliopita chama chetu kilihamisha rekodi za mazungumzo na wazee kutoka kompyuta moja ya zamani hadi kwenye seva ya kukodi. Mafaili yalifika yote, hakuna lililopotea. Tatizo lilianza tulipojaribu kuyasikiliza: kila rekodi tuliyoibofya ilitujibu kwa namba 403, ambayo kwa lugha ya nyumbani ni "huna ruhusa". Mmoja wetu, ambaye kesho yake alikuwa na mtihani, akaandika amri ya mstari mmoja, chmod 777, akaipanga ijirudie kila baada ya dakika kumi bila mtu kuigusa. Rekodi zikafunguka. Zilifunguka zote, pamoja na ile ya bibi mmoja wa Unguja ambaye alitwambia kwa kinywa chake, mbele ya watatu kati yetu, kwamba nusu ya kwanza ni ya kila mtu na nusu ya pili ni ya jamaa zake tu.

Kisa chetu tutakimalizia mbele. Kwanza tueleze tulichojifunza tulipokaa kitako kutafuta jibu la swali lililotusumbua: kwa nini faili likisafiri kutoka mashine moja hadi nyingine, ruhusa yake haisafiri nalo? Jibu lilianza kabla wazazi wetu wengi hawajazaliwa.

Kompyuta za mwanzo hazikuhitaji ruhusa za mafaili, kwa sababu zilifanya kazi ya mtu mmoja, zikaimaliza, ndipo zikachukua ya mwingine. Mambo yalibadilika mwaka 1961 pale MIT, karibu na Boston, Fernando Corbató na wenzake walipoonyesha mfumo wao ulioitwa CTSS. Mfumo huo uliwawezesha watu kadhaa kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja, kila mmoja na mafaili yake. Watu wakikaa nyumba moja, vyumba hutiwa milango, na kwa CTSS mlango ulikuwa nywila.

Haukudumu. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu aliyeitwa Allan Scherr alikuwa amegawiwa saa chache za mashine kwa wiki, nazo hazikumtosha. Aligundua kwamba mtu anaweza kuomba faili lolote lichapishwe kwa kupeleka kadi iliyotobolewa, basi akaomba faili la nywila za watumiaji wote. Likachapishwa, akalichukua. Alikiri miaka mingi baadaye. Sisi tuliosoma habari hii tukiwa na kazi tatu za kukabidhi wiki hiyohiyo hatukuweza kumlaumu sana.

Kisa cha pili cha CTSS kinatuhusu zaidi, kwa kuwa ndani yake hamna mwizi. Katikati ya miaka ya 1960, wasimamizi wawili walikuwa wakihariri mafaili mawili kwa wakati mmoja. Mmoja alikuwa na tangazo la siku, lile ambalo kila mtumiaji huliona anapoingia. Wa pili alikuwa na faili la nywila. Programu ya kuhariri iliweka kazi ya wote wawili katika faili la muda lenye jina lilelile, kwa sababu waliotunga programu hawakutarajia wasimamizi wawili waitumie pamoja. Maandishi yakabadilishana. Kila aliyeingia alikaribishwa kwa orodha ya nywila za watu wote. Corbató alikisimulia kisa hiki katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing ya mwaka 1990. Faili la nywila lilikuwa limefungwa vizuri tangu mwanzo. Kilichotokea ni kwamba yaliyomo yalihamia mahali ambapo ruhusa ilisema "kila mtu asome", nayo yakapokea ruhusa ya mahali pale. Tukiulizwa ni lini tatizo letu lilizaliwa, tutasema siku ile.

Baada ya CTSS ukaja Multics, mradi mkubwa wa MIT pamoja na kampuni ya General Electric na maabara za Bell. Multics ulilichukulia suala la ruhusa kwa uzito wake: kila faili liliweza kuwa na orodha ya majina, huyu asome, yule aandike, yule asiguse. Ulikuwa mfumo makini, lakini ulikuwa mzito na ulichelewa. Mwaka 1969 Bell wakajitoa. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa wameuonja na kuupenda, wakabaki bila mfumo, wakaanza kutengeneza wao kitu kidogo kwenye mashine ndogo ya PDP-7 iliyokuwa haina mwenyewe. Hicho ndicho kilichokuja kuitwa Unix.

Katika kupunguza uzito, orodha ya majina ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuachwa. Kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix, cha tarehe 3 Novemba 1971, tayari kina amri ya chmod, na ruhusa zake zilikuwa biti sita tu: mwenye faili asome, mwenye faili aandike, wasio wenye faili wasome, wasio wenye faili waandike, faili liendeshwe kama programu, na biti ya sita ya kumwezesha anayeendesha programu kutumia mamlaka ya mwenye programu. (Hiyo ya sita Ritchie aliiombea hataza mwaka 1973 na kuipata 1979. Ni biti moja tu, lakini ina hataza yake.) Miaka michache baadaye kikaongezwa kikundi kati ya mwenye faili na watu wengine, ndipo tukapata biti tisa tulizonazo mpaka leo: tatu za mwenyewe, tatu za kikundi, tatu za wengine.

Namba zinazowatisha wengi zinatokana na hesabu rahisi. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Ukijumlisha kwa kila kundi unapata tarakimu tatu. 644 maana yake mwenyewe anasoma na kuandika, wengine wote wanasoma. 600 ni mwenyewe peke yake. 777 ni kila mtu afanye kila kitu. Kwa folda, ile 1 ina maana ya kuruhusiwa kupita ndani, na ndiyo sababu folda hupewa 755 pale mafaili yake yanapopewa 644.

Mwaka huohuo wa 1971, mwezi wa Aprili, jambo lingine lilikuwa likiendelea MIT. Abhay Bhushan, kijana kutoka India aliyekuwa miongoni mwa wahitimu wa mwanzo kabisa wa chuo cha teknolojia cha Kanpur, aliandika pendekezo la jinsi kompyuta za mtandao wa ARPANET zitakavyopelekeana mafaili. Hiyo ndiyo FTP. Tarehe hizo mbili zina uzito: Aprili FTP, Novemba kitabu cha Unix. Itifaki ya kusafirisha mafaili iliandikwa miezi saba kabla ya ulimwengu kusoma neno chmod. Na hata angelijua, Bhushan asingeweza kulitumia. Mashine za ARPANET zilikuwa za makampuni tofauti na mifumo tofauti. Nyingine hazikukubaliana hata juu ya urefu wa neno la kumbukumbu. Kila moja ilikuwa na desturi yake ya kusema nani aguse nini. Kitu pekee kilichoweza kupita kwa wote ni yaliyomo kwenye faili na jina lake. Ruhusa ikabaki bandarini.

Wakati huo Unix yenyewe ilikuwa na njia ya kusafirisha mafaili bila kupoteza ruhusa: mkanda wa sumaku. Programu ya tar, iliyotoka na toleo la saba la Unix mwaka 1979, huandika mbele ya kila faili kijisehemu chenye jina, mwenyewe, kikundi, tarehe na zile tarakimu za ruhusa. Ni kama gunia lililofungwa na karatasi juu yake: la nani, limetoka wapi, nani afungue. Kwa hiyo aliyebeba mkanda mkononi na kupanda nao basi alifikisha zaidi kuliko aliyetuma kwa waya. Hilo lilitufurahisha, kwa kuwa wengi wetu tumekulia katika nyumba ambazo kila safari ya nyumbani mtu hubebeshwa vifurushi vyenye majina ya wenyewe.

Faili likifika kwa FTP, basi, ni nani anayeamua ruhusa yake? Seva inayopokea. Toleo lile la saba la Unix lilileta pia kitu kinachoitwa umask, yaani ruhusa za kuondolewa kila faili jipya linapozaliwa. Umask ikiwa 022, faili jipya litakuwa 644. Ikiwa 077, litakuwa 600, na hatasoma yeyote ila aliyelileta. Ndilo lililotupata sisi. Seva yetu ya kukodi ilikuwa na 077. Mafaili yalipofika yalikuwa mali ya akaunti yetu peke yake, na programu inayohudumia kurasa za wavuti huendeshwa na akaunti nyingine, kwa hiyo ilikuta mlango umefungwa, ikatoa 403. Seva haikukosea. Ilifunga kwa kuwa hatukuiambia lolote.

Katika miaka ya 1990, watu wa kawaida walipoanza kuweka kurasa zao kwenye intaneti, tatizo hili lilitoka kwenye maabara likaingia mitaani. Mwanafunzi alipeleka ukurasa wake kwa FTP, akaufungua, akakuta hauonekani. Maelezo rasmi ya FTP ya mwaka 1985, ya Jon Postel na Joyce Reynolds, yalikuwa yameacha mlango mmoja wa pembeni: amri ya SITE, kwa ajili ya huduma ambazo seva moja inazo na nyingine hazina. Seva nyingi za FTP za Unix zikautumia mlango huo kupokea SITE CHMOD, na programu za kutumia FTP kwenye madirisha zikaweka menyu yenye visanduku tisa vya kutia alama. Ruhusa sasa iliweza kurekebishwa kutoka mbali. Lakini ilirekebishwa kwa mkono, faili kwa faili, baada ya kufika, na mtu akisahau moja ndilo hilo litakalolalamikiwa.

Hapo ndipo zikazaliwa njia za kuifanya kazi hii ijifanye yenyewe, na historia yake ni ya kujaribu kukaribia zaidi na zaidi ile dakika ambayo faili linafika.

Njia kongwe ni ya saa. Cron, nayo ya toleo la saba, iliamka kila dakika kutazama ratiba ya mashine nzima kuona kama kuna kazi. Mwaka 1987 Paul Vixie akatoa cron yake ambayo matoleo yake yalienea sana, kila mtumiaji akiwa na ratiba yake mwenyewe. Unaiambia ipitie folda kila baada ya muda na kuweka ruhusa sawa. Ni rahisi, na ndiyo tuliyoitumia. Kasoro yake ni kwamba cron haijui kilichofika wala kilichofika lini. Kati ya faili kuingia na cron kuamka kuna pengo, na katika pengo hilo faili lina ruhusa isiyo yake. Tena cron hairekebishi jipya tu. Inarudia juu ya yote, hata yale ambayo mtu aliyafunga kwa makusudi saa moja kabla.

Njia ya pili ni kutoa amri mara tu baada ya kutuma. Mwaka 1995 mtu aliweka programu ya kunasa nywila kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, na Tatu Ylönen, mtafiti wa hapo, akaandika SSH ili nywila zisipite uchi kwenye waya. Pamoja na SSH kukawa na uwezo wa kuiendesha amri moja kwenye mashine ya mbali na kuondoka. Skripti ya mistari miwili ikawa desturi ya watu wengi: mstari wa kwanza unatuma, wa pili unakwenda kulekule na kufanya chmod. Waya ukikatika kati ya mstari wa kwanza na wa pili, unajua wenyewe.

Njia ya tatu ni bawabu. Mwaka 2005 Linux ilipata inotify, ambayo huiwezesha programu kuarifiwa folda inapoguswa, bila kuchungulia kila dakika. Bawabu huyu ni mwepesi lakini anahitaji kufundishwa adabu. Faili likianza kuumbwa, bado halijafika lote. Ukikimbilia kulifungua unatoa nusu. Inabidi asubiri aliyeliandika alifunge. Na wapo wageni wanaoingia kwa namna yao: rsync, iliyotangazwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia mwaka 1996, huandika kwanza kwenye faili la muda ambalo jina lake huanza na nukta, kisha hulibadilisha jina likikamilika. Bawabu anayengoja jina kamili liumbwe hataliona likiumbwa, atakachokiona ni mabadiliko ya jina.

Njia ya nne, ambayo kwa maoni yetu ndiyo ingetufaa tangu mwanzo, ni kumaliza jambo kabla faili halijaonekana. Rsync hiyohiyo baadaye ilipewa chaguo la --chmod, unasema folda ziwe hivi na mafaili yawe hivi, na kila faili linapopewa jina lake la kudumu tayari lina ruhusa yake. Hakuna pengo. Ilichukua miaka thelathini na ushee kuirudisha ile karatasi ya juu ya gunia.

Sasa turudi kwetu. Amri yetu ya dakika kumi haikuandikwa kwa folda ya rekodi peke yake. Kwa haraka iliandikwa kwa folda yote ya nyumbani ya akaunti, na kila kilichomo. Asubuhi yake seva ilikataa ufunguo wetu wa SSH. Tulidhani tumevamiwa, na kwa nusu siku katika kundi letu la simu kila mtu alimshuku mwenziwe. Ukweli ni kwamba seva ya SSH, kabla ya kukubali ufunguo, hutazama kama folda ya nyumbani au faili la funguo linaweza kuandikwa na watu wengine. Ikiona hivyo huukataa, kwa kuwa yeyote angeweza kuingiza ufunguo wake. Chombo cha Ylönen kilituona wazembe, nacho kilikuwa sahihi. Tuliingia kwa kupitia ukurasa wa usimamizi wa seva, tukaizima cron, na ndipo tulipoona kwamba rekodi ya Bi Mkubwa ilikuwa wazi kwa siku tisa.

Wawili wetu walikwenda kwake siku ya Jumamosi. Hatukutaka kumweleza kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama waliosikia wanajulikana. Tukamwambia seva ina daftari lake, na katika siku hizo tisa nusu ya pili ilifunguliwa mara mbili, zote kutoka kompyuta zetu wenyewe. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Na huko kulikofungwa sasa, mumefungulia nani?"

Tukamweleza: kikundi chetu, yaani wanachama wanne wanaotunza rekodi. Akasema sisi si jamaa zake. Jamaa zake wana majina.

Hapo tukatambua kwamba ruhusa anayoitaka Bi Mkubwa haimo kwenye biti tisa. Mwenyewe, kikundi, wengine: yeye hayumo katika lolote kati ya hayo matatu, wala hao wajukuu. Alichokitaka ni orodha ya majina, ile iliyokuwamo Multics ambayo Unix iliiacha mwaka 1969 ili iwe nyepesi. Orodha hizo ziliwahi kutaka kurudi rasmi: kulikuwa na rasimu ya kiwango cha POSIX, iliyoachwa mwaka 1998 bila kukamilika, lakini Linux iliichukua hata hivyo, na seva yetu inayo. Folda inaweza kupewa orodha ya majina ambayo kila faili jipya huirithi linapoingia.

Tumeipanga hivyo. Rekodi za watu wote zinakwenda folda moja kwa 755 na 644. Rekodi za amana zinakwenda folda nyingine, nje ya kurasa za wavuti, kwa 750 na 640, na orodha ya majina juu yake. Kuna mtego mmoja tuliouangukia na tunawaonya wengine: ukizituma kwa 600, orodha inabaki imeandikwa lakini haina nguvu, kwa sababu tarakimu ile ya kati ndiyo inayoweka kikomo cha orodha nzima. Chmod ya 1971 bado ina sauti juu ya majina.

Nusu ya pili ya rekodi tumeikata ikawa faili lake. Bi Mkubwa alitupa majina manne, wajukuu watatu na mtoto wa ndugu yake aliyeko Muscat, na kila mmoja tumemfungulia akaunti yake. Tulipomsomea orodha kwa sauti alitaka tuisome tena. Mara ya pili alitusimamisha kwenye jina la tatu, akafikiri, akasema huyo tumwache kwanza, atatupigia simu.